Msalaba Juu ya Jina la Baba Mkubwa

Jumanne, 12 Machi
Jenereta ya redio imekubali. Nimepandisha matangazo ya leo kwenye tovuti. Faili ni XML, kila tangazo na alama yake: kifo, arusi, safari. Kivinjari hakijui kuyapamba mpaka feuille de style, faili la mapambo, ikielekeze. Leo nimeiongezea fremu nyeusi na msalaba kwa vifo. Imependeza. Najisifu, nani mwingine atanisifu?

Baba mkubwa Batsi amefika Djugu kwenye mazungumzo ya wazee wa pande mbili zinazopigana. Ujumbe wake wa safari nimeuweka pia. Ukurasa wa mbele unaonyesha jina na mahali tu. Mengine mpaka ubonyeze.

Jumatano, 13 Machi
Matawi ya msiba barabarani mbele ya nyumba ya baba mkubwa. Kilio. Mwanawe aliye Aru ameona kwenye simu msalaba, chini yake BATSI, DJUGU. Hakubonyeza. Wamekwisha kuchinja ng'ombe wa madoa kwa matanga.

Nimekimbilia redioni. Kanuni yangu ya msalaba inashika kila tangazo! Hata arusi ya Mahagi ina msalaba. Mungu wangu. Nimemuua baba mkubwa kwa mstari mmoja.

Nimesahihisha. Hapo ndipo nimeharibu zaidi. Binamu Ngabu kanifokea mbele ya vijana wenye mapanga: "Weye unaficha! Jana musalaba ilikuwa, leo umeifuta. Bale batu ya kule bamekulipa?" Simu ya Djugu haishiki. Wanataka kushika njia ya Djugu kesho, kulipiza kisasi.

Alhamisi, 14 Machi
Nimeondoa feuille de style yote. Nimepeleka kompyuta matangani, kivinjari kikionyesha faili uchi, alama zote nje. Mama mkubwa, mkewe, amesoma mwenyewe, kidole kwenye kioo. Aina: safari. Ujumbe: "Nimefika muzima. Bibi yangu asiuzishe ile ngombe ya madoa."

Amesoma tena. Halafu: "Ni yeye. Hii maneno tuligombana siye wawili tu, mu chumba."

Ngabu ameketi chini. Panga amelilaza kwenye nyasi. Nimelia kwa hasira, sijui hasira ya nani.

Jumamosi, 16 Machi
Baba mkubwa ameshuka kwenye pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Matawi tulikuwa tumeyaondoa. Wazee wamesikilizana kidogo, anasema. Tumempa nyama ya matanga iliyobaki. Ameisifu sana, ameomba tena.

Kisha amechukua fimbo yake akaenda kutazama zizi. Hakuna aliyemfuata.