Mstari Mmoja Mchangani

Mjukuu wangu Mwende,

Hapa Kayole hatujambo. Nyanya yako amepona mguu na anakusalimu. Umeuliza kwa nini lori kuukuu la jeshi uliloliona huko Lodwar lina tairi moja moja nyuma.

Nikiwa kijana nilikuwa na lori kama hilo, nikipeleka maji Kitui wakati wa kiangazi. Nyuma lilikuwa na tairi mbili mbili kila upande. Siku moja likazama kwenye mchanga wa mto mkavu, na watu wanangoja maji ng'ambo. Ikabidi wavuke wayateke huko huko. Nyanya yako, bado bibi harusi, alishuka akachungulia.

"Mbona za nyuma hazipiti palipokanyagwa na za mbele?"

Kweli, zile mbili mbili zilikuwa zinachimba njia yao mpya mchangani. Tuliporudi, fundi wa Kariobangi alizitoa zote, akafunga tairi pana za radiali, moja kila upande, zinazolala vizuri mchangani ukizipunguza upepo. Mzigo ulipungua, lakini tulivuka.

Nyanya yako alirudi mtoni kuutazama mstari mmoja wa tairi ulioachwa mchangani kila upande. Aliutazama kwa hamu kuliko alivyonitazama siku ya harusi.

Sasa anataka kujua lile la huko linatiwa upepo kiasi gani. Jibu upesi, mama, hanipi nafasi.

Babu yako