Mahali Patupu Weka Sifuri

Dada Jerusha,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda salamu ndefu.

Tangu tukuzike, kazi haijapungua. Wale watu wa msaada bado wanatutumia orodha za kambi kwa email, kurasa arobaini kila baada ya wiki mbili, na mimi bado nazihamishia kwenye Excel: jina la mwenye hema, watu wangapi, watoto wa chini ya miaka mitano wangapi. Chakula kinagawanywa kwa kufuata hiyo Excel yetu. Umeniachia peke yangu, na kuna siku nakukasirikia kwa hilo. Mama Gurpreet wa duka la vitambaa hapo chini anasema nimekonda. Namwambia ni hizi ngazi.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya. Wewe unasoma, mimi napiga. Rula yako ya mbao umeishikilia kwenye kioo cha kompyuta, unaiteremsha mstari kwa mstari, na ile sauti yako ya kwaya: "Saba, mbili. Nne, moja. Tisa, tatu." Penye hapajaandikwa kitu ulikuwa unasimama kabisa. "Patupu. Weka sifuri. Usiniachie shimo." Nilikuwa nakutania kwamba unasoma idadi ya watu kama unasoma Zaburi, na wewe unanigonga na rula begani, polepole.

Ulipoondoka nilijaribu kujisomea mwenyewe. Niliweza siku mbili. Chumba kilikuwa kimya mno kila nikinyamaza, nikashindwa. Halafu nikagundua kwamba orodha siku hizi hawazitumi zikiwa picha kama zamani. Zinakuja na maandishi ambayo mtu anaweza kuyashika na mouse, akanakili safu nzima ya ukurasa na kuibandika kwenye Excel mara moja. Kazi yetu ya siku tatu ikaisha kabla ya chai ya saa nne. Nikajumlisha watoto wa kila ukurasa, nikalinganisha na jumla iliyo chini ya karatasi yao, zikakubaliana zote. Nikatuma. Nilijisifu hata, nikasema laiti Dada angeniona. Haraka haraka, wewe unajua mwisho wake.

Wiki mbili baadaye mzee mmoja alipanda ngazi zetu na mfuko wa unga wa uji kwapani. Alikuwa ametoka kambini kwa miguu, viatu vyeupe kwa vumbi. Akauweka unga juu ya meza.

"Mimi naishi kwa hema peke yangu," akasema. "Hawa watoto watatu mmenipatia ni wa nani?"

Nilifungua orodha nikiwa na hakika kwamba kosa ni la huko kambini. Kumbe ni langu. Hema lisilo na mtoto mdogo, karani wao huliachia nafasi wazi, jambo ambalo mimi na wewe tulilijua siku zote. Nilipobandika, zile nafasi hazikuja. Namba za chini zikapanda kuziziba. Watoto wa hema moja wakahamia kwa jirani wa juu, wa jirani wakahamia kwa mwingine, hivyo hivyo ukurasa mzima, na wale wa mistari ya mwisho wakabaki bila kitu. Nilipowaona hawana kitu nilidhani hawana watoto. Na jumla ilikubali, Dada, kwa sababu hakuna namba iliyopotea.

Nilimwambia mzee ukweli. Akaniuliza inarekebishwaje. Nikamjibu kwamba inataka mtu wa kunisomea. Akatoa miwani mfukoni, akaketi. Nikampa rula yako. Anasoma kama mtu anayegombana na karatasi, lakini hakosei. Tulipofika kwenye jina lake mwenyewe akasimama. "Hapa hakuna kitu," akasema, akaningoja. Hapo ndipo nililia. Tangu mazishi sikuwa nimelia, nilikuwa na kazi.

Kwenye mstari wa mwisho wa ukurasa wa kumi na moja kulikuwa na mama wa mapacha. Alipanga foleni akaambiwa hana mtoto kwenye orodha, huku mmoja amembeba mgongoni. Mwingine alipelekwa kliniki akiwa amelegea. Amepona, nimemwona kwa macho yangu, na unga wao wameupata. Lakini nilipoenda kumwomba mama yao msamaha, alinitazama tu, akaendelea kufua. Ana haki. Nilirudi hapa ofisini mtaa wa Rhonda kwa miguu, nikijaribu kufikiria wewe ungemwambia nini.

Kuna jambo lingine sijakwambia. Wiki ile tulipokuzika nilihamia kwenye meza yako ya dirishani. Nikatoa vitu vyako kwenye droo, nikaweka vyangu. Watu walisema nina moyo mgumu. Sikuwa na moyo mgumu. Sikuweza kuketi kule kwenye meza yangu ya mlangoni nikitazama kiti chako kikiwa kitupu, basi nikakijaza haraka.

Leo nimerudi mlangoni kwangu. Mzee huja siku za orodha, anakunywa chai ya rangi na kulalamika kwamba stuli ni fupi. Sijamwambia akalie kile kiti chako, naye hajauliza.

Lala salama, Dada yangu. Nakuahidi sitabandika tena. Nitasomewa kila mstari kwa sauti, na penye patupu nitasimama, niweke sifuri, ndipo niende kwa unaofuata. Penye kiti chako kitupu, pale dirishani, bado nimesimama.

Mdogo wako,
Nafula