Sindano Nne Zilizobaki

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimerudi nyumbani Basotu na sikio langu vilevile. Jana kwenda Arusha, leo kurudi, viatu vimejaa tope hadi kwenye soksi — na hakuna aliyenigusa! Ruhusa ya mwalimu mkuu nimeila bure.

Dada wa mapokezi pale kliniki, Eva, hata kiti hakunipa. Utaratibu umebadilika, anasema. Waliofanyiwa upasuaji kwa ofa ya Januari hawana tena sindano za bure. Nikamwambia, dada, si za bure, zilikuwa ndani ya bei. Karatasi mmenipa wenyewe, ina muhuri: kuondoa kovu lililovimba nyuma ya sikio, pamoja na sindano sita, moja kila mwezi. Nimechomwa mbili tu. Akatazama kompyuta yake. Daktari mkuu atakupigia, mama.

Wolfgang kauliza wamesemaje. Nikamwambia wamesema watasema. Mume wangu huyu akikasirika huenda kutazama ng'ombe. Ameenda.

Jumanne, 11 Machi

Nimepita zahanati kwa Lucia. Nesi pekee ninayemruhusu anivue kilemba. Kaligusa kovu, karudia kuligusa. Nikajua.

Limeanza kupanda. Dogo bado, kama punje ya ngano. Lucia anasema kovu la namna hii ukilikata halafu usilichome sindano, linarudi kubwa kuliko lile la kwanza. Kubwa kuliko lile! Miaka kumi na minne nimefundisha nikiwa nimefunga kitambaa, na bado watoto wakaniita Mwalimu Kiazi. Dawa hiyo zahanati hawana. Na hata ingekuwepo, anasema, hajawahi kuchoma sikioni, hatajifunzia kwangu.

Nimechoka. Linawasha.

Alhamisi, 13 Machi

Daktari mkuu kapiga. Nilikuwa darasa la nne, nikatoka nje.

Shikamoo Daktari. Marahaba binti yangu. Binti! Nina miaka arobaini na mitatu. Lakini ni mzee kweli, nywele zote nyeupe, sauti ya polepole kama ya marehemu baba. Kasema, binti yangu, umetuangusha. Sindano ya tatu ilikuwa tarehe sita, wewe umekuja tarehe kumi. Matibabu yana ratiba.

Nikasema: nisamehe baba, nimekosea.

Ndivyo nilivyolelewa. Mzee akikulaumu, unaomba radhi kwanza, unaeleza baadaye. Ukianza na maelezo unaonekana jeuri. Basi nikaomba radhi, nikavuta pumzi ili nieleze: tarehe sita mvua ilikata barabara, hata lori la mahindi lilizama. Nikapiga simu asubuhi ile ile, Eva mwenyewe akasema usijali mama, njoo ikifunguka.

Hakungoja. Kasema, vizuri umekubali, ubarikiwe. Akakata.

Ijumaa, 14 Machi

Ujumbe wa WhatsApp kutoka kliniki. Naunakili neno kwa neno, maana siamini macho yangu:

"Mpendwa mteja. Kwa kuwa umekiri mwenyewe kutofuata ratiba ya matibabu, kliniki haitahusika tena na huduma baada ya upasuaji. Karibu tena."

Karibu tena! Jamani!

Jumatatu sababu ilikuwa utaratibu. Leo sababu ni mimi. Na mimi ndiye niliyewapa, kwa mdomo wangu, kwa adabu yangu.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani tumegonga vifua, ni Kwaresima. Pale sawa. Pale najua nilichokosa.

Baada ya misa Lucia kaisoma ile karatasi ya kliniki, mbele na nyuma. Hakuna mahali pameandikwa ukichelewa siku nne unapoteza sindano. Hakuna! Anasema, Efrazia, wewe ni mteja, hii ni haki yako, andika barua. Nakala peleka kwa wanaosimamia kliniki za binafsi. Kaniuliza kama nilirekodi ile simu ya tarehe sita. Nani anarekodi simu ya kusema barabara imekatika? Lakini namba bado ipo kwenye simu yangu. Saa mbili na dakika saba asubuhi. Dakika tatu tumeongea.

Nimeandika barua. Wolfgang kaisoma taratibu, kidole kwenye kila mstari. Kisha kauliza: hii ni barua ya madai au ya maungamo?

Samahani ziko tano. Nimehesabu.

Jumanne, 25 Machi

Upepo umevunja kioo cha darasa. Nimeingia, mwanafunzi wangu Monica amesimama karibu na dirisha, kwa bahati yake mbaya tu. Sijasema neno. Samahani mwalimu, kasema, na machozi tayari.

Nikamuuliza, umevunja wewe? Hapana mwalimu. Sasa unaomba msamaha wa nini? Akanitazama kama vile nimemuuliza swali la kidato cha nne.

Nani kamfundisha? Mimi. Kila mwaka, darasa kwa darasa. Nimekaa ofisini na chaki mkononi mpaka kengele ikalia. Nilitaka kulia, sikulia.

Jumamosi, 29 Machi

Barua imekwenda. Samahani imebaki moja. Bila hata moja mkono ulikataa.

Jumatano, 9 Aprili

Eva kapiga, sauti ya asali. Mama umetuma nakala mbali hivyo, si ungetuambia tu! Daktari anasema uje Jumamosi, yaishe kifamilia. Atakuchoma sindano. Kuna kifomu kidogo tu cha kusaini.

Wolfgang anasema kifomu kidogo ndicho kinachomeza shamba. Lucia anasema soma kabla ya kusaini. Sikio halisemi, linawasha tu. Si punje ya ngano tena, ni harage. Nalala upande mmoja.

Naenda. Sitasema nimeshinda, sina nguvu ya kushinda. Nataka tu zile nne.

Jumamosi, 12 Aprili

Kliniki, mapokezi, saa nne na robo. Naandika hapa hapa kwenye kiti.

Fomu ni karatasi moja. Mimi, nafasi ya jina, nakiri kwamba sikufuata maelekezo ya daktari, naomba radhi kwa usumbufu, na sitadai huduma nyingine yoyote. Chini yake: sindano moja, bure, leo.

Moja! Na zile tatu?

Dawa ipo nyuma ya mlango ule, nimeona nesi akipita na sinia. Nikisaini, dakika kumi tu na muwasho unatulia. Lucia alishanionya: moja bila nyingine ni kupalilia kona moja ya shamba na kungoja mavuno. Nikaandika jina langu. Kweli niliandika, nimdanganye nani humu. Nimetoka mbali, nimechoka, nililala kwenye kiti stendi ya Babati.

Kisha nikakata neno nakiri. Nikakata naomba radhi. Nikakata mstari wote wa mwisho. Pembeni nikaandika: nilipiga simu tarehe sita, saa mbili na dakika saba. Zimebaki sindano nne. Nikasaini, nikampa.

Eva kaitazama. Mama, fomu umeiharibu. Nikafungua mdomo — samahani ikafika hapa kwenye meno! — nikaimeza. Imeshuka kwa shida kama kidonge bila maji. Kaenda nayo ndani.

Mama mmoja hapa pembeni yangu, kafunga bandeji kidevuni, kauliza kwa sauti ya chini: na wewe ni wa Januari? Nikasema ndiyo. Kanyoosha mkono kwenye daftari hili, eti nimwonyeshe nilivyoandika. Fomu yake iko mapajani, bado hajasaini.

Kiti kimesogezwa kule ndani. Daktari anakuja mwenyewe, fomu yangu mkononi. Anatembea polepole, mzee wa watu. Nitasimama. Shikamoo nitampa, ni haki yake. Ataitikia, halafu atangoja ile samahani.

Leo sikuja nayo —