Plagi Nyeupe ya Tlawi

Tlawi, 9 Februari 2025

Mwanangu Baltazar,

Marahaba, maana najua umeniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Mimi mzima, ni goti tu linalolalamikia baridi ya huku. Mkeo Irene hajambo? Duka lenu la sola linaendeleaje?

Plagi nyeupe uliyonichomekea ukutani inafanya kazi. Jumanne umeme ulikatika, na kabla sijapapasa kiberiti, simu ikalia. Ulikuwa wewe, uko Katesh, unaniambia nisiwe na wasiwasi, betri inashikilia mashine ya kuangulia vifaranga. Nilicheka peke yangu. Nilimsimulia jirani yetu Sulle, naye akasema nina bahati ya mtoto.

Sasa nina neno, na kwa kuwa kwenye simu hukata kabla sijalifikia, nampa Herman wa basi barua hii. Sulle huyohuyo alikwenda Dirma kutafuta mbuzi, akakuona juu ya paa la mama mkwe wako unapigilia bati. Ilikuwa Jumapili. Aliambiwa Jumapili zote uko pale. Hapa kwangu mara ya mwisho ulikanyaga siku ile ya kuchomeka, mwezi wa kumi na mbili. Kumbe mimi nimewekewa plagi, Mama Irene amewekewa mkwe mzima. Naona wivu, Baltazar, wala sifichi.

Mama yako,
Kornelia

Katesh, 20 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, Irene anakusalimu sana. Goti lipake ile dawa niliyokutumia, usiiweke kabatini.

Mama, Dirma naenda na kurudi siku hiyohiyo. Kuja Tlawi ni basi la kutwa, na duka hufungwa Jumapili tu. Paa la Mama Irene lilikuwa linavuja kitandani, ningemwacha alowe?

Ile plagi nilikuwekea kwa kuwa nakuwaza. Ikikosa umeme tu, ujumbe unafika kwenye simu yangu. Betri inalisha mashine kwa saa sita hivi, lakini mayai mia moja na ishirini siyo mchezo, ndiyo maana nakupigia palepale kuhakikisha.

Halafu huko umeme una nini? Juma hili umekatika mara tatu.

Mwanao,
Baltazar

Tlawi, 16 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Kwaresma yangu inakwenda vizuri, sijasengenya mtu isipokuwa katika barua hii. Vifaranga wa awamu ya kwanza walitoka tisini na nne, na Sulle amechukua kumi.

Umeme wa huku ni huo huo, unakwenda na kurudi. Nashukuru unapiga bila kukosa. Jumatano iliyopita tuliongea dakika kumi na moja, ukanisimulia mteja aliyefunga paneli juu chini. Nililala nimefurahi.

Lakini Jumapili ulipopiga nilisikia mwanamke anacheka nyuma yako. Nikauliza ni nani huyo, ukasema, "Ni mama tu." Mama? Mama ni mimi. Nimekubeba mgongoni kutoka hapa hadi hospitali ya mjini Mbulu mvua ikinyesha, huku unaniharishia. Yeye amekupata ukiwa na ndevu, suruali imepigwa pasi, ufundi unao. Mtoto aliyelelewa na mwingine si kazi kumpenda. Nimekaa na neno hilo juma zima na bado linanichoma.

Mama yako,
Kornelia

Katesh, 2 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri. Huku mvua zimeanza, na Irene alikuwa na mafua lakini amepona.

Nimemwoa binti yake, mama, nimwite nani? Usihesabu maneno.

Kuhusu umeme nimepata dawa. Herman anakuletea betri kubwa, inabeba mashine karibu siku nzima. Nimemwelekeza Sulle namna ya kuunganisha. Na kwenye simu yangu nimebadilisha: umeme ukikatika haitalia, italia tu betri ikibaki robo. Kwa hiyo wewe kaa kwa amani, sitakusumbua tena na simu za kila mara.

Mwanao,
Baltazar

Tlawi, 13 Mei 2025

Baltazar,

Mimi mzima wa mwili. Nakutakieni heri wewe na Irene, na yeye usimsomee barua hii.

Umeme wa Tlawi haukuwa unakatika. Mara ile ya kwanza ulikatika kweli, na mara mbili nyingine, basi. Zilizobaki nilikuwa nachomoa plagi mwenyewe. Niliona kwamba nikiwa mzima hupigi, nikiumwa goti hupigi, lakini plagi ikizimika hata chai haijapoa unaniita mama. Basi nikawa namaliza rozari, nachomoa, naketi na simu mapajani. Mzee mzima kama mimi. Tukishaongea narudisha.

Kisha ukaleta betri kubwa. Siku ya Pasaka ulinipigia, halafu kimya. Jumamosi iliyopita Sulle akasema mmechora mpango wa jiko jipya huko Dirma. Nilichomoa saa kumi jioni nikaapa sitarudisha mpaka unipigie. Betri ikaisha Jumapili mchana. Hukupiga. Nikasema nangoja kidogo, na kidogo tena, baridi ikaingia. Nimerudisha Jumatatu asubuhi.

Mayai yalikuwa siku ya ishirini. Nilivunja moja nikaona kifaranga amekamilika, ana manyoya. Halikutotolewa hata moja. Nimeyafukia nyuma ya zizi. Wivu wangu ndio umeyaua, na ninaona aibu mbele yako.

Mama yako,
Kornelia

Katesh, 19 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Sijui nianze wapi, kwa hiyo nianze na ukweli.

Nilijua. Umeme hauchagui siku, lakini huo wako ulikatika Jumatano na Jumapili, saa moja jioni, kwa robo saa. Mwezi wa tatu nilimpigia Sulle wakati plagi yako imezimika, nikamkuta anatazama mpira kwenye runinga. Nikaelewa palepale. Mtu mwingine angepanda basi. Mimi nikanunua betri. Mama, betri ile sikuinunua kwa ajili ya mayai. Niliinunua ili simu isilie.

Jumapili ile ujumbe ulifika tuko Dirma. Mama Irene aliniuliza kuna nini. Nikasema ni umeme wa nyumbani, nikarudisha simu mfukoni. Nilijua ni wewe umechomoa, nikasema utachoka utarudisha. Kwa hiyo usiseme umeyaua peke yako.

Naogopa kuja, mama. Nikiingia tu, kabla sijavua viatu, unauliza nimetoka kwa nani na nimemfanyia nini. Ninakaa kwenye kiti cha marehemu baba nikijibu kama mshtakiwa mbele ya baraza la kata. Kule hakuna anayeniuliza. Ndiyo maana naenda kule.

Nisamehe.

Mwanao,
Baltazar

Tlawi, 24 Mei 2025

Mwanangu Baltazar,

Marahaba. Goti limetulia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimekasirika hadi nikafua mapazia yasiyo machafu. Ulijua miezi miwili mama yako anachomoa plagi ukutani, ukanyamaza. Hilo limeniuma kuliko mayai. Lakini la kiti cha baba yako ni kweli. Niliisikia sauti yangu mwenyewe humo ndani, na sikuipenda.

Nisikudanganye kwamba wivu umeisha. Nikisikia jina la Dirma bado unanishika, labda nitazikwa nao. Ila swali lile sitakuuliza tena. Njoo Jumapili utakayoweza. Ukitaka kupitia kwake kwanza, pitia, na umwambie Kornelia anamsalimu.

Tafadhali tu, usije umeshiba.

Mama