Wa Mbele Alipogeukia Kushoto

Mbinga, Jumapili, wiki ya pili ya Juni. Asubuhi ukungu mzito hadi mlangoni, baridi kali. Jua limejitokeza saa nne, hafifu.

Dada yangu Edina,

Utashangaa kuona ninakuandikia barua ndefu kwa sababu ya katuni ya Kijapani. Hata mimi nimeshangaa. Tangu uhamie Kyela tunasalimiana kwa simu wakati wa misiba na Krismasi, mzima, mzima, basi. Lakini wiki hii nimeitazama filamu moja mara mbili, na kila mara imenirudisha kwenye uwanja wetu wa nyumbani Liuli, siku ile wageni kutoka kijiji cha Kihagara walipokuja kucheza ngoma ya kioda na sisi. Unaijua siku ninayoisema. Kuna swali nilipaswa kukuuliza siku ile ile, na sikukuuliza. Barua hii ni ya wazi kwa sababu nilichokutendea nilikutendea mbele za watu.

Nianze na filamu yenyewe. Neema wangu, ambaye sasa yuko kidato cha tatu na amefikia urefu wako, aliileta kwenye flashi Jumatatu. Ilikuwa imetafsiriwa na DJ, mmoja wa wale wanaoongea juu ya filamu bila kupumua. Mimi nilikuwa kwenye cherehani napiga marinda ya sketi.

"Mama, acha hiyo, njoo uone. Wanacheza kwa mistari kama nyinyi na kioda chenu."

"Kioda hakina nywele za bluu," nikamwambia, lakini nilisogeza kiti.

Kisa ni rahisi. Kuna wasichana watatu waimbaji, mastaa wa kupigiwa kelele, na nyuma yao kuna wanenguaji watano ambao majina yao hayaandikwi kwenye bango. Wanajiandaa kwa onyesho kubwa. Majina yao ya Kijapani sikuweza kuyashika, na DJ aliwaita wote "mrembo", kwa hiyo tuliwapa majina yetu. Mwimbaji mkubwa tulimwita Samawati, kwa nywele zake. Mnenguaji wa katikati tulimwita Kifungo, maana kila mara kabla ya kupanda jukwaani hushika kifungo cha kola yake.

Mazuri yapo. Chumba cha mazoezi kimechorwa na mtu aliyewahi kuingia chumba cha mazoezi: sakafuni kuna vipande vya utepe vya kuonyesha kila mmoja asimame wapi, na kwenye kona kuna viatu vimepangwa, jozi moja imekanyagwa visigino. Kuna mahali wanenguaji wanakula matonge ya wali wameketi kwenye ngazi, kwa kuwa chumba chenye viti ni cha waimbaji. Hakuna anayelalamika. Mmoja anasogeza tu mguu ili mwenzake apite. Hapo niliacha kabisa kushona. Sisi tulikula vile vile, unakumbuka, tulipokwenda wenyewe Kihagara: wewe na Bibi Agnesi mkufunzi wetu mkaitwa ndani mle samaki mbasa, sisi wa nyuma tukapewa dagaa wa usipa na ugali wa muhogo kando ya ukuta. Ukatoka na kichwa cha mbasa umekificha ndani ya kanga, mchuzi umekuchuruzika hadi ubavuni, ukanisukumia.

"Kula upesi," ukasema, "wasije wakadhani nina mimba ya samaki."

Mabaya ni mengi kidogo. Mimi ni fundi nguo, siwezi kuyanyamazia. Sketi za waimbaji zina marinda ambayo hakuna mshono unaoweza kuyashika mtu akiruka vile. Nguo za wanenguaji hazina mshono kabisa, hata begani. Wakionekana kwa mbali, wote watano wana sura moja. Mchoraji akichoka, huchokea kwa watu wa nyuma. Halafu picha inapozunguka jukwaa, miguu yote inainuka sawa sawa kama ya mashine. Hakuna mguu hata mmoja uliochelewa, na vumbi hakuna. Nilisimamisha filamu nikatafuta mguu uliochelewa. Neema akachoka.

"Mama, wewe unaangalia katuni kama unasahihisha mtihani."

"Kama wamekosea?"

"Ni katuni, Mama!"

Tukafika kwenye onyesho lenyewe. Katikati ya wimbo wa mwisho, Samawati ananyamaza. Muziki unaendelea, mdomo wake umefungwa, watu maelfu wanamtazama. DJ akapiga kelele, "Dada kaishiwa chaji!" Neema akacheka. Ndipo Kifungo anaacha nafasi yake ya nyuma, anakuja mbele, anachukua kipaza sauti na kuumaliza wimbo. Watu wanalia, wanapunga taa. Baadaye Samawati anamwinamia Kifungo, anamshukuru, na filamu inaisha kwa picha ya Kifungo kwenye bango.

Neema alikuwa na machozi. Mimi nilikuwa nimekasirika, na sikujua kwa nini.

Nilipokwenda kulala ndipo nikamkumbuka Bibi Agnesi, Mungu amrehemu, na fimbo yake ya kuhesabia. Kabla hajatufundisha hatua hata moja alitufundisha sheria: "Wa mbele akikosea, wote mkosee. Kosa la mmoja ni aibu. Kosa la wote ni mtindo." Wewe ulikuwa wa mbele, na filimbi shingoni. Mimi nilikuwa nyuma yako hasa, mstari wa pili. Kwetu, Kifungo angenyamaza pamoja na Samawati, watano wote wangenyamaza, na wageni wangerudi kwao wakisema, hawa wana wimbo wenye kimya ndani yake, tuuige.

Hivyo ndivyo Kifungo alivyopaswa kufanya. Na mimi, dada?

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa na daftari. Ulinitania sana kwa daftari lile. Nilichora humo hatua zote, mshale kulia, mshale kushoto, kila wimbo ukurasa wake. Siku ya wageni, wimbo wa tatu, mahali pa kuzunguka, daftari lilisema kulia. Wewe ukageukia kushoto. Niliuona mgongo wako unaondoka, nikajua umekosea, na nikageukia kulia. Nilifanya makusudi. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nilikuwa na muda wa kuchagua. Nilichagua daftari. Nusu ya mstari wakakufuata wewe, nusu wakanifuata mimi, Mama Yusta na mwenzake wakagongana vifua, na mwanamke mmoja wa Kihagara akapaza sauti:

"Jamani, gari moja madereva wawili!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Ulimaliza wimbo. Ukavua filimbi, ukampa Bibi Agnesi, na uliponipita ukaniambia kwa upole kabisa, "Daftari lako limecheza vizuri." Hukucheza tena. Baada ya mavuno ukaolewa, ukapanda meli, na watoto wa Liuli wakabaki na msemo, mtu akipotea njia anaambiwa amegeuka Edina. Msemo huo bado upo. Niliusikia wiki iliyopita, kwa binti ambaye hajakuona hata siku moja.

Jumatano nikamwambia Neema aniwekee filamu tena, ila ile yenye sauti yake ya asili, bila DJ. Nilitaka kujua jambo moja tu.

"Kwa nini alinyamaza?"

"Aliogopa."

"Wamesema wapi?"

"Hawajasema. Inaonekana."

"Inaonekana wapi? Rudisha."

Akarudisha. Nikamwambia arudishe tena. Mara ya tatu tukaona kitu ambacho kelele za DJ zilikuwa zimetuzuia tusikione: kabla tu ya kunyamaza, mkono wa Samawati unakwenda sikioni. Ni kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho. Halafu filamu inakwenda zake kwa Kifungo na hairudi tena pale. Hakuna anayemuuliza Samawati, si meneja, si wenzake, si Kifungo mwenyewe. Anaomba radhi, wanapokea radhi. Hilo ndilo kosa kubwa la filamu, na ni kubwa kuliko marinda: imempenda sana aliyekuja mbele hata ikasahau kuuliza kilichompata aliyekuwa mbele.

"Labda alisikia kitu," Neema akasema.

Nilikwenda kufungua sanduku la shajara zangu. Unajua siku zote naandika. Siku ile niliandika mstari mmoja: Dada E. amekosea mzunguko wimbo wa tatu. Hakuna swali. Mimi ninayeuliza bei ya uzi maduka manne kabla ya kununua, sikuwa nimekuuliza wewe.

Ijumaa nilikuwa na safari ya Liuli. Wanawake wa kule wanakifufua kioda. Sketi nilizokuwa nashona ni zao, na wameniomba niwafundishe zile nyimbo za zamani. Baba, yaani baba yako mdogo na mpiga ngoma wetu, nilimkuta amekaa kando ya kichanja cha usipa, akifukuza kuku. Bado anazipenda ngoma zake. Ile kubwa ameiweka ndani karibu na kitanda.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umeleta sukari?"

Nilikuwa nimeleta. Nikasubiri anywe chai, ndipo nikamuuliza kama anakumbuka siku ya wageni wa Kihagara.

"Siku Edina aligeuka?" Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Ngozi ililegea. Mawingu yalikuwa yameshuka, na mimi kwa uvivu sikuirudisha ngoma kwenye moto baada ya wimbo wa pili. Ikapoteza sauti mkononi, nikaruka pigo moja. Yule mtoto alinisikia."

"Alikusikia vipi?"

"Alinifuata. Wewe hukusikia?"

"Baba, mbona hukusema? Miaka yote hii?"

"Nani aliniuliza?" akasema, akamrushia kuku jiwe.

Sikuamini mara moja, unanijua. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikajipigia kifuani kwa kiganja, nikacheza wimbo wa tatu hadi pale pa kuzunguka. Niliporuka pigo moja, mguu uliokuwa hewani ulikuwa mwingine, na mwili wenyewe ukanipeleka kushoto. Nikarudia mara sita. Kila mara kushoto. Kwenda kulia ningelazimika kujikwaa au kuziba masikio. Kwa hiyo hukukosea. Ngoma ilikosea, ukaifuata, kama tulivyofundishwa. Katika uwanja mzima, wewe ndiye wa kwanza kuishika sheria ya Bibi Agnesi, na mimi niliyekuwa na kila kitu kwenye karatasi ndiye niliyeivunja.

Nilirudi kukaa na Baba. Nikamwambia nataka kuyasema haya uwanjani, mbele ya watu, na kwamba jina lake litatajwa. Akaweka kikombe chini.

"Sema. Mimi ni mzee, aibu yangu imeshachakaa. Ya yule mtoto bado mpya."

Kumbe alijua kwamba bado unaibeba. Sasa ndilo swali langu, dada, na ninakuuliza kwa kutaka kujua kweli, si kwa kukulaumu. Wewe ulilisikia pigo likiruka. Ungeweza kusema, "Ni Baba Mdogo, ni ngoma yake," na kicheko kingehamia kwake saa ile ile. Ulinyamaza kwa ajili yake? Au ulinyamaza kwa sababu yangu, ukiona kwamba kama hata aliyekuwa nyuma yako hasa hakukusikia, hakuna wa kumwambia? Nimejaribu kukujibia njia zote mbili. Siwezi. Jibu liko Kyela.

Wageni wa Kihagara wanakuja tena Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Nimewaambia wanawake wa kikundi kwamba kabla ya wimbo wa kwanza nitaisoma barua hii kwa sauti, yote, pamoja na mahali niliposema nilikuwa na muda wa kuchagua. Mama Yusta, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu wanne, akaniuliza, "Na wale wakicheka?" Nikamwambia safari hii wacheke mimi nikiwa mbele. Kisha nitarudi mstari wa pili. Nafasi ya mbele hawajampa mtu. Wanasema wataiacha wazi kama hutakuja, na mimi nitazunguka nyuma ya nafasi hiyo nikisikiliza ngoma. Meli ikipita Liuli siku hizo, nitakuwa gatini. Nauli ya kurudi usiifikirie, wala usifikirie la kuvaa. Vipimo vyako ninavyo.

Wasalimie shemeji na watoto. Ukae salama, dada, na ukinijibu, nijibu hata kwa neno moja.

Mdogo wako wa mstari wa pili.

Jumatatu. Kabla ya kuifunga bahasha niongeze: jana niliweka kalamu chini saa nne usiku, lakini mguu wa kushoto haukutulia chini ya blanketi. Nililala saa nane kasoro robo.