Kitambaa cha Rwamba Juu ya Moto

Jumatatu, 3 Machi
Wote hapa wazima, asante Mungu. Baba Rwamba mzima, mguu tu unamsumbua. Mama mkwe mzima, amemaliza uji wote. Ng'ombe mzima. Rwamba wetu mzima, ila huyu msichana hali chakula vizuri. Mimi nakohoa kidogo.
Nimechuna majani ya chai mpaka mchana, nikarudi nikawasha moto. Kitambaa cha Rwamba bado kiko kwa itara, pale juu ya moto tunakaushia kuni. Kinakula moshi tangu mvua ya mwaka jana. Alikifunga magamba ya mgomba, mistari mistari. Akiona wakati umefika anatoa gamba moja. Chini yake ni peupe, halafu hapo napo panaanza kushika moshi. Kila mstari na umri wake, kama watoto wa nyumba moja.

Alhamisi, 6 Machi
Mama Njiru alikuja kuomba chumvi. Akaangalia juu, akacheka. "Mama Rwamba, si msichana alisomea kuchora? Hii hata kwangu iko, ni dari!" Nikamwambia basi akauze dari yake. Tulicheka. Lakini iliniuma.
Zamani Rwamba alichora ng'ombe, na ng'ombe alikuwa ng'ombe. Halafu akaacha kuchora vitu, akabaki na rangi tupu. Nyekundu juu ya nyekundu, picha nzima asubuhi moja, kama mtu amekasirika. Sasa hata brashi hagusi. Anasema alikuwa akikimbizana na wakati, siku hizi anaukaribisha ndani ukae. Mimi sikusoma sana. Hiyo nimeelewa. Mche wa chai nao hauharakishwi.

Jumapili, 16 Machi
Nimekohoa kanisani mpaka nikatoka nje. Aibu.

Jumanne, 18 Machi
Daktari amesema niache moshi. Kabisa. Nimemwambia Baba Rwamba peke yake. Gamba la mwisho ni la kutolewa kabla ya Pasaka, lile pengo lishike moshi kidogo, halafu picha iende Meru kuonyeshwa watu. Moto ukizimwa sasa itabaki nusu. Mtoto ametafuta picha kama hii miaka yote, nimharibie na kifua changu? Naogopa. Lakini nitapika.

Jumamosi, 29 Machi
Baba Rwamba amenisema kwa Rwamba. Mwanamume hawezi kufunga mdomo.
Rwamba aliingia jikoni, akamwagia moto maji. Akapanda, akakata kamba, akashusha kitambaa. Nikalia, nikamwomba arudishe, bado kidogo tu. "Mami, nitundike picha halafu wewe nikuzike?" Nina hasira naye. Nina hasira na mimi mwenyewe pia.

Jumatatu, 31 Machi
Nimepika kwa gesi. Chakula hakina ladha.
Rwamba ametoa gamba la mwisho. Chini peupe kabisa, kama shuka mpya. Nikamuuliza atapaka nini hapo. Akasema hakuna. Pabaki hivyo, hapo ndipo tulizima moto.
Nikakaa nikaangalia. Weusi wa sufuria. Kahawia. Chai ya rangi. Chai ya maziwa. Halafu ule weupe. Kila mlo nilipika umo ndani, na uji wa mama mkwe. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi, na kimetoka jikoni kwangu.

Jumatano, 2 Aprili
Mvua imeanza. Sijakohoa tangu asubuhi.
Rwamba amekikunja kitambaa ndani ya nailoni, ameenda nacho Meru. Akifika anipigie upesi. Aniambie wamesema nini. Na kama amekula.