Jiwe Juu ya Kaburi la Mama

Jumatatu, 3 Machi 2008
Chai bila maziwa, tena. Leo nimeshinda kesi ya kiwanja cha mama kule Gumbo. Nimemnyamazisha sultani, chifu wetu, wazee wake, na kiti alichokalia.

Uongo. Nimeshindwa, na kiti peke yake ndicho ambacho hakikunicheka. Sultani aliuliza swali moja: mama yako alizikwa na nani? Majirani wote wakamwonyesha Kiden, yule mjane muuza chai aliyekaa na mama vita vyote. Kwetu anayekuzika ndiye anayebaki na boma lako. Mimi wakati huo nilikuwa Nakuru, nalinda duka la viatu vya watu. Khalas. Kiden kabaki na kiwanja, mimi nimerudi mtaani New Site, kwenye chumba cha mabati cha mpwa wangu. Mkewe alinipokea kama mtu anayepokea mvua siku ya kufua.

Jumatano, 5 Machi
Nimekata rufaa. Nimekwenda hadi mahakama ya juu. Karani ana tai fupi, inaishia kifuani kama ulimi wa mbuzi. Akauliza sababu. Nikasema nilirudi kwa siri wakati wa vita, nikamzika mama mwenyewe, nikamwekea jiwe lake la kusagia. Maneno yalitoka yenyewe, matamu. Kwetu jiwe la mama huwekwa kaburini na mtoto wake tu. Jirani haligusi. Basi jiwe likiwepo, nimeshinda.

Shida ndogo: halipo.

Jumapili, 9 Machi
Nimenunua jiwe kuukuu sokoni. Mganda wa bodaboda alilalamika njia nzima hadi Gumbo. "Mzee, hii mawe iko nzito kuliko bibi yangu." Nikamwambia hili angalau halisemi.

Kiden alikuwa kanisani. Nimeliweka juu ya kaburi, nikalipaka udongo na majivu lionekane la zamani. Kaburi limefagiwa. Kuna maua kwenye kopo la maziwa. Sikuyatazama sana.

Kiuno kinauma. Si kiuno tu.

Ijumaa, 14 Machi
Mahakimu watatu walikuja kujionea. Mmoja anaogopa mbuzi. Nikawaonyesha jiwe, nikatoa na chozi. Lilitoka upesi mno, likanitisha mwenyewe.

Kiden alisimama mlangoni na birika. Akalitazama jiwe, akanitazama mimi. Wakamuuliza kama ana la kusema. Hana. Akawamiminia chai, na mimi akanimiminia. Ya tangawizi. Nimeinywa yote, mwizi mimi.

Karani kaninong'oneza kwamba hukumu ya Jumatatu ni yangu. Nilidhani ningecheza ngoma. Nimelala tu.

Jumamosi, 15 Machi
Kiden aliniita. Nilikwenda na matusi yangu tayari. Akaniingiza jikoni bila neno.

Chini, jiwe la mama. Nililijua kabla sijainama. Lile pengo pembeni nililivunja mimi utotoni, nikipasulia kokwa. Nilichapwa mpaka jirani akaniombea. Kiden anasagia ufuta hapo hadi leo.

Anasema mama mwenyewe ndiye aliyekataza lisiwekwe kaburini. Njaa ilikuwa kali, na jiwe lingine hapakuwa. Alimwambia wafu hawasagi, watoto ndio wanaokula.

Nikamuuliza mbona jana alinyamaza.

"Kaka Wani, nilimwosha mama yako kwa mikono hii. Nimwaibishe mwanawe juu ya kaburi lake?"

Nimetoka nikiwa nimeinama, na mlango wala si mfupi.

Jumatatu, 17 Machi
Nimeifuta rufaa. Nimesema mbele ya wote: jiwe ni la sokoni, kaburi sikulichimba mimi, mama alizikwa na Kiden. Hakimu mkubwa alinifokea. Akasema angeweza kunifunga. Nikamwambia chakula cha jela hakiwezi kukishinda cha mke wa mpwa wangu kwa ubaya. Hakucheka. Karani alicheka, tai ikatikisika. Nikafukuzwa.

Kiwanja ni cha Kiden, moja kwa moja. Mimi nimebaki na bati. Nilidhani aibu ikisemwa hupungua. Haipungui. Inapata tu mashahidi.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua imenyesha. Bati linapiga kelele, mke wa mpwa naye.

Jana nilipita Gumbo, upande ule wa pili wa barabara, asinione. Kaburi limefagiwa. Maua mapya. Jiwe langu la sokoni halipo tena pale. Liko jikoni kwake, nimeliona kupitia mlango, anasagia pilipili. Sasa ana mawili.

Ananidai mengi, Kiden. Mama, kaburi, na ile chai. Siwezi kuyalipa, na hajaniambia niyalipe, na hilo ndilo baya zaidi. Lakini mimi namdai kimoja, lile jiwe la sokoni. Sitaki alirudishe. Badala yake anisagie ufuta, kiganja kimoja, kwa jiwe la mama, lile lenye pengo. Ufuta nitaleta mwenyewe.